Mafuta ya ngozi kupima virusi: Cimpunda itafaidika nini?

Aliyepimwa Korona hasahau kile kijiti kirefu kilichoingizwa puani hadi machozi yakatoka. Je, haingetosha kupangusa uso tu?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walijaribu. Matokeo yao yalitoka mwaka 2021. Kwa kompresi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, walipangusa ngozi ya wagonjwa 67 waliolazwa hospitalini, 30 kati yao wakiwa na Korona. Hawakutafuta virusi vyenyewe, bali mabadiliko ambayo ugonjwa unaacha katika mafuta ya ngozi.

Hata walipozingatia dawa na magonjwa mengine ya wagonjwa, kipimo kilitambua asilimia 79 ya wenye Korona. Yaani mmoja kati ya watano angeambiwa ni mzima, kisha arudi nyumbani kuambukiza jamaa. Katika mtaa wa Cimpunda, tarafani Kadutu mjini Bukavu, ambako nyumba zimebanana mlimani, kosa kama hilo ni zito. Tena mashine ya kusoma mafuta hayo ni ya maabara kubwa, yenye umeme usiokatika.

Lakini kwa Mpox, ambayo aina yake mpya ilianza kuenea Kamituga, humu Kivu ya Kusini, mwaka 2023, ngozi inatumika tayari. Muuguzi anapangusa kipele, na maabara inatafuta virusi vyenyewe.

Mwenye homa na vipele asingoje teknolojia ya kesho. Aende kituo cha afya leo, na asilale kitanda kimoja na wengine kabla ya kupata majibu.