Oili ya injini: Mfanyabiashara wa mpakani ahesabu safari, si miezi

NAMANGA

Gari dogo linalobeba mzigo kati ya Arusha na Nairobi hutembea takriban kilomita 270 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Mfanyabiashara anayefanya safari mbili kwa wiki huongeza zaidi ya kilomita 1,000 kila wiki. Kwa hesabu hiyo, kilomita 5,000, ambazo mafundi wengi wa ukanda huu huzitaja kuwa kikomo cha kubadilisha oili ya injini, huisha kabla wiki ya tano haijakamilika.

Hata hivyo, wapo wanaobadilisha oili kwa mazoea ya kila miezi mitatu. Mazoea hayo huenda yakamfaa mtu anayetoka nyumbani kwenda kazini mjini. Kwa mwenye safari za Namanga, miezi mitatu ni takriban kilomita 14,000, yaani oili imefanyishwa kazi karibu mara tatu ya kiwango chake.

Kwa wafanyabiashara wengi wa mpakani, gari hilo, liwe Probox, Succeed, IST au Vitz, ndilo ghala na ndilo duka. Injini ikinoki katikati ya njia, hasara haiishii kwa fundi. Kuna gari la kuvuta, kuna nauli ya kuhamisha mzigo, kuna nyanya zinazoharibika juani na kuna mteja aliyekwisha kununua kwa mwingine. Mtaji wa miezi kadhaa unaweza kuondoka kwa sababu ya galoni moja ya lita nne.

Kilomita zisizoonekana

Kazi ya injini haipimwi kwa kilomita peke yake. Gari likisimama kwenye foleni huku injini inanguruma, saa ya kilomita haisogei, lakini oili inaendelea kuchoka. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama cha Namanga kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018, vimepunguza usumbufu wa kukaguliwa mara mbili, lakini foleni haijaisha kila mahali. Ongeza magunia yaliyojazwa hadi darini, vumbi la njia za pembeni na milima, na oili hupata joto kuliko kawaida. Gari la namna hiyo linastahili kubadilishiwa oili mapema, si kucheleweshwa.

Injini ya 1NZ-FE, iliyofungwa kwenye Probox, Succeed na baadhi ya IST na Vitz za cc 1,500, inahitaji takriban lita 3.7 pamoja na filta mpya. Cheni yake na mfumo wa kurekebisha valvu hutegemea oili hiyo hiyo. Ikipungua lita moja, zaidi ya robo ya kinga imekwisha kupotea, na dereva anaweza asione dalili yoyote.

Wengi husubiri taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Inaonya kwamba msukumo wake umeshuka. Ikiwaka gari likiwa njiani, dereva hana budi kuegesha mahali salama na kuzima injini mara moja. Kuendelea "hadi kituo cha mbele" ndiko kunakoua injini.

Kupima kabla ya kupakia

Kupima oili ni kazi ya dakika chache, na wakati wake mzuri ni kabla mzigo haujapanda. Gari liegeshwe mahali tambarare. Kama injini ilikuwa inafanya kazi, izimwe na kuachwa dakika tano hadi kumi ili oili ishuke kwenye sampu. Kisha kijiti cha kupimia kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe hadi mwisho na kuchomolewa tena. Kipimo cha mara ya pili ndicho cha kusoma.

Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Ikikaribia ya chini, iongezwe kidogo kidogo na kupimwa tena. Kuzidisha nako ni kosa, kwa kuwa oili iliyozidi huweza kuchapwa na mashine hadi ikatoa povu, na povu halilainishi chuma.

Weusi peke yake si ugonjwa, maana oili hubeba masizi ya injini. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, kuna uwezekano maji yameingia, na safari iahirishwe hadi fundi aangalie. Ikinuka petroli, au ikipungua kila safari bila tone kuonekana chini ya gari, injini ina tatizo ambalo galoni mpya haitalitibu.

Swali la nani apime huzua mvutano pale gari linapokuwa la kukodi. Mwenye gari humwachia dereva, dereva humwachia fundi, na mwenye mzigo hukaa akiamini wote wawili. Lakini gari likikwama, mzigo unaooza ni wake. Kuomba boneti ifunguliwe kabla ya kupakia si kumdharau dereva.

Kubadilisha

Kazi hufanyika injini ikiwa ya vuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Gari likiinuliwa kwa jeki, liwekewe stendi imara kabla ya mtu kuingia chini yake. Nati ya sampu hufunguliwa, oili ya zamani huachwa itoke yote, kisha nati hurudishwa na washa mpya. Filta mpya hupakwa oili kidogo kwenye mpira wake na kukazwa kwa mkono. Baada ya kumimina, injini huwashwa kwa muda mfupi, huzimwa, panakaguliwa uvujaji, na kijiti husomwa tena.

Hapa mwenye gari asimame karibu. Giaboksi ya otomatiki ina nati yake na mafuta yake, kwa kawaida mekundu. Fundi mwenye haraka akifungua nati isiyo yake, giaboksi hubaki kavu huku injini ikijazwa kupita kiasi. Filta ya zamani nayo itolewe mbele ya mwenye gari, asije akalipia mpya iliyobaki kwenye boksi.

Kununua ng'ambo

Tofauti ya bei huwavuta wengi kununua oili upande wa pili wa mpaka. Jina na rangi ya galoni havitoshi. Kilicho muhimu ni daraja, kwa mfano 5W-30, linalotumika sana kwa injini hizi. Namba ya kwanza inaeleza wepesi wa oili wakati wa baridi, na ya pili uzito wake injini inapopata joto. Herufi za API zinazoanza na S, kama SN au SP, ni za injini za petroli, na zinazoanza na C ni za dizeli. Kitabu cha gari kikiwa cha Kijapani, namba hizo bado zinasomeka.

Kizibo kiwe na lakiri yake na galoni iwe na alama ya ubora, iwe ya TBS, KEBS, UNBS au shirika jingine la viwango la nchi mwanachama. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 iliweka msingi wa alama hizo kutambuliwa kati ya nchi na nchi. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji haina alama wala wa kumuuliza.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala kurudi garini kwenye dumu kando ya gunia la maharage. Ina sumu na mabaki ya vyuma. Iachwe kwenye gereji inayoikusanya.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukurasa mmoja wa daftari la mauzo unatosha: tarehe, kilomita, daraja la oili, kiasi kilichoongezwa na kilomita za kubadilisha tena. Mfanyabiashara anayeona kwenye ukurasa huo kwamba gari limemeza nusu lita katika safari mbili atampelekea fundi habari hiyo angali Arusha, mzigo ukiwa bado haujapakiwa.