Land Cruiser ya zamani na tairi kubwa: tupime kwanza, tulipe nyuma

Bandugu, tulipomaliza chuo na kazi hakuna, tulichanga watu watatu tukanunua Land Cruiser HZJ75 ya kupakia mizigo Bukavu–Bunyakiri. Ugomvi wa kwanza ulikuwa juu ya mapneu. Mwenzetu mmoja alitaka 285/75R16, eti gari inakuwa na heshima. Mimi nikachukua kalamu.

285 ni upana kwa milimita. 75 ni kimo cha ubavu: asilimia 75 ya ule upana, yaani 214. Zidisha mara mbili, ongeza janti ya inchi 16 (milimita 406), unapata sentimita 83 na kidogo. 7.50R16 tulizokuta kwa gari ziko na karibu 80. Tofauti ni 3, lakini gari inapanda 1.5 tu, juu nusu ingine inabakia juu ya ekseli. Mu potopoto ya ile barabara, sentimita moja na nusu itakusaidia nini?

Sasa angalia bei yake. Moteri 1HZ ni lita 4.2, haina turbo. Tairi kubwa inarefusha kila vitesi, kwa hiyo mlimani utarudi ya kwanza mapema. Konteri ikisema 80, wewe uko karibu 83. Breki nazo zinasukumana na gurudumu kubwa zaidi, na sisi tunashuka na mzigo! Tena janti ya 7.50 iko na upana wa inchi 5.5, 285 inaomba 7.5 kuendelea. Donc unanunua na janti. Ukikata kona yote, tairi inaweza kukwaruza ressort.

Upana wenyewe si mbaya, kwa mchanga unasaidia gari kuelea. Lakini potopoto yenye udongo mgumu chini inataka tairi nyembamba: inapasua, inafika chini, inakamata.

Tulinunua 7.50R16 mpya za meno makubwa, tano, juu rezerva lazima ifanane. Kabla ya kulipa, soma ubavuni uzito ambao tairi inaweza kubeba; wauzaji hawakuambiagi. Tukiingia pabaya tunapunguza hewa, tukitoka tunarudisha na pompe yetu.

Mwenzetu alinuna wiki nzima. Pesa iliyobakia tulitengeneza breki za nyuma.