Kuku Anayelalia Mayai Wakati wa Baridi



Mwezi wa 6 na wa 7, sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tunaijua baridi. Usiku inashuka hata chini ya digri 10. Mwaka mmoja, njo wakati ule kuku wa bibi yangu alianza kulalia. Mimi, kwa tamaa, nikamuwekea mayai 14. Nilikwisha kupiga hesabu: kuku 14, pesa ya masomo ya mtoto. Vikatoka vifaranga 3 tu.

Mama mmoja mzee wa kanisa akanicheka: “Baba Pasta, ulimupa kuku mzigo unaopita mabawa yake!” Kisha akanifundisha.

Yai linahitaji joto la karibu digri 38 kwa siku 21. Kuku anageuza mayai kila siku: la kando analivuta katikati, la katikati linaenda kando. Kama ni mengi, la kando linapoa leo, kesho linapoa lingine. Ndivyo yanavyokufa moja moja. Wakati wa baridi mayai 8 ao 9 yanatosha.

Usimulalishe kuku juu ya simenti. Tia udongo kidogo ndani ya karto ao kitunga, kisha majani makavu mengi, na ukiweke mahali upepo haufiki. Umupakae majivu kwenye manyoya juu ya chawa, maana kuku anayeumwa na chawa anaacha mayai.

Chakula na maji viwe karibu. Anatoka mara moja tu kwa siku; umutoe saa sita, jua likiwa kali. Akikawia kutafuta mahindi mu lupango ya jirani, mayai yanapoa.

Siku ya 7, usiku, angalia mayai kwa torshi. Yenye mishipa midogo ya damu iko hai. Lililo jeupe ndani, litoe. Kuanzia siku ya 18, usimusumbue tena.

Na kama hauna jogoo? Usimuzamishe kuku mu maji ili aache kulalia. Kwa baridi hii atagonjwa. Umutie siku 3 ao 4 katika kizimba cha fito kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, na umupe chakula na maji. Ataacha.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Usiingize mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa ili kupasha vifaranga moto, zaidi sana kama watoto wanalala humo. Makala inatoa sumu isiyo na harufu. Mtu analala, haamuki tena. Vifaranga viko na mama yao. Joto lake linatosha, mradi usivifungulie mbele ya jua kupanda.

Mwaka uliofuata tuliweka mayai 8. Vikatoka vifaranga 7.

Bwana Yesu alipolilia Yerusalema, alijifananisha na kuku huyu (Matayo 23:37). Wazazi, tujiulize. Baba anayeshinda machimboni mpaka usiku, siku zote, akitafuta mali: ni mtoto gani wake anayepoa kando ya kiota? Leo jioni, umuite karibu.