Kambi ya Kashai: Usiku mmoja Ziwa Ikimba

UKISIKIA timu imeingia kambini kabla ya msimu, akili inakwenda mbali. Simba walikwenda Uturuki mwaka 2023, mwaka uliofuata wakatua Ismailia, Misri. Vijana wa mtaani hapa Kashai, Bukoba, kambi yao ilikuwa usiku mmoja tu kando ya Ziwa Ikimba, na walikwenda kwa miguu.

Timu haina mfadhili. Mwalimu wao ni dereva wa bodaboda, na yeye ndiye aliyebuni safari hii ya kiangazi. Alipiga hesabu zake: nauli ya Hiace hadi Kyetema, maharage, mkungu wa ndizi, basi. Kutoka hapo ni mguu, zaidi ya kilomita 20. Nikaomba kwenda nao nikidhani naandika habari ya mazoezi ya pumzi. Kumbe kulikuwa na kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Beki wa kushoto, dogo wa miaka 19, alikosa penalti kwenye nusu fainali ya kombe la kata. Alipaisha. Kupaisha si dhambi, hata Roberto Baggio alipaisha fainali ya Kombe la Dunia 1994. Lakini siku hiyo dogo alicheza hovyo tangu dakika ya kwanza, na mtaani likazuka neno: amekula hela. Wiki tatu hakuonekana mazoezini. Mwalimu akamfuata nyumbani, hakumuuliza kitu, akamwambia tu afunge blanketi.

Njiani hakuna aliyemsemesha. Alipewa sufuria kubwa ya timu, akaifunga mgongoni kwa kamba, akatembea nyuma peke yake ikigonga kila hatua. Nami nilikuwa nyuma naye. Si kwa huruma, pumzi ilikata.

Migomba na mibuni ikaisha, ikaanza rweya, zile nyasi za wazi ambazo kila Mhaya anazijua, jua linakupiga huna pa kujificha. Kabla ya bonde la Mto Ngono kipa akaanza kulalamika. Mwalimu akamkumbusha wale wanawake waliocheza dakika 90 Kilimanjaro, Juni 2017, mita 5,714 juu. "Wewe mlima wako uko wapi?"

Tulifika saa 11 jioni, tumechoka, ziwa limetulia. Mwalimu akaenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji kuomba ruhusa ya kulala. Mvuvi mmoja mzee akatutazama tulivyojaa vumbi, akauliza: "Waitu, nyie mnafanya mafunzo ya jeshi au mmefukuzwa kwenu?" Akatuuzia samaki kwa bei ya kirafiki, akatuonya tusikanyage maji gizani.

Usiku upepo ulikuwa mkali. Tukakaa kuzunguka moto, sufuria ile ile katikati. Nahodha ndiye aliyeanza.

"Tuseme tu. Ulichukua shilingi ngapi?"

Dogo alikaa kimya muda mrefu, nikadhani hatajibu.

"Elfu kumi na tano," akasema. "Nilipakia ndizi kwenye lori usiku kucha, hadi saa 11 alfajiri. Kodi ya chumba ya mama ilikuwa imeisha. Hiyo ndiyo hela niliyokula."

"Kwa nini hukusema?"

"Mngenipanga?"

Hakuna aliyejibu. Mwalimu ana sheria yake, asiyelala hachezi, na wote tunaijua. Kipa akauliza kwa nini basi aliomba yeye kupiga penalti. Akasema alijua amewaangusha mechi nzima, alitaka kulipa.

Mimi nilimwamini. Nahodha sina hakika, alijifunika blanketi akalala. Ila nilikaa nikiwaza ni vijana wangapi wamepotea mkoani kwetu kwa maneno ya mtaani ya aina hii. Kagera Sugar iliposhuka daraja mwisho wa msimu wa 2024/25, nyasi bandia za Kaitaba zilibaki pale pale, lakini macho ya Ligi Kuu yaliondoka. Kijana wa Kashai akishaitwa muuza mechi, nani atakuja kumsafisha?

Asubuhi walikimbia ufukweni, wakacheza sita kwa sita, wakapika uji. Habari ya jana haikuguswa. Tulipoanza kupanda kutoka bonde la Ngono, nahodha alimsogelea dogo, akafungua kamba, akachukua sufuria akaibeba yeye. Hakusema kitu. Ikaanza kugonga mbele.

Jumapili iliyofuata walicheza mechi ya kirafiki, sare ya bao 1-1. Dogo alianzia benchi, akaingia dakika ya 62, akapiga krosi mbili nzuri na moja iliyotoka nje kabisa.

Siku hizi kila Jumamosi jioni, kabla ya kutaja kikosi, mwalimu anauliza nani ana kazi ya usiku. Wiki iliyopita mikono miwili ilinyooshwa. Mmoja alikuwa nahodha.