Shilingi 50 za Ufundi

Mafundi wengi wa Kenya walijifunza kazi kwa kumtazama bwana wao tu. Hujenga ukuta ukasimama sawasawa, lakini hawana cheti, na pasipo cheti ujira huwa haba. Kwa Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, mwajiri hutozwa shilingi 50 za kila mwezi kwa kila mfanyakazi wake. Fedha hizo ni zake mwenyewe, wala si za kukatwa katika mshahara. Tajiri apelekaye watu mafunzoni kwa idhini ya NITA aweza kurudishiwa gharama. Wako walipao miaka mingi wasidai kitu! Fundi asiyeingia chuo naye aweza kufanya mtihani wa kazi, kuanzia daraja la tatu hata la kwanza, na akifaulu hupewa cheti.