Vazi la usiku laweza kuzuia mgongo wa mtoto kupinda zaidi

MZAZI aweza kuishi na mwanawe miaka mingi asitambue kwamba mgongo wa mtoto huyo unapinda. Wakati mwingine wa kwanza kugundua huwa ni fundi wa kushona sare za shule, anayeona bega moja limeinuka kuliko jingine au rinda likining'inia upande.

Hali hiyo, ambayo madaktari huiita skoliosisi, ni kupinda kwa uti wa mgongo kuelekea ubavuni huku pingili zake zikijisokota. Si kibiongo, ambacho humfanya mtu ainame mbele.

Huwapata takriban asilimia 2 hadi 3 ya vijana wanaobaleghe, na kwa walio wengi chanzo chake hakijulikani. Mkoba mzito wa vitabu na kukaa vibaya darasani, mambo ambayo wazazi huyalaumu sana, hayajathibitishwa kuwa ndiyo kiini.

Ukubwa wa pembe hupimwa kwa digrii katika picha ya eksirei, kwa njia iliyoelezwa na daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948. Kati ya digrii 10 na 25 hali huhesabiwa kuwa nyepesi, na desturi ya madaktari wengi ni kumchunguza mtoto kila baada ya miezi kadhaa bila kumpa tiba. Kuanzia digrii 25 hadi 40, mtoto ambaye bado anakua hupewa vazi gumu la plastiki linalombana kutoka kwapani hadi nyongani. Pembe ikifika digrii 45 au 50, upasuaji huanza kuzungumziwa.

Kungoja huko humkera mzazi. Ameambiwa mwanawe ana kasoro, kisha anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mgongo nao hurekebika mifupa ingali inakua. Msichana anapovunja ungo, muda uliosalia wa kukua huwa mfupi.

Tatizo ni kwamba vazi la kawaida huhitaji kuvaliwa kwa saa nyingi, mara nyingi 18 au zaidi kwa siku. Mtoto wa miaka 12 huenda nalo darasani na uwanjani, akitokwa na jasho huku wenzake wakimkodolea macho. Wengi hulivua mzazi akigeuka.

Ndiyo sababu wataalamu wa Marekani walibuni vazi la kulalia pekee, kwanza mjini Charleston mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye mjini Providence katika miaka ya 1990.

Siri yake ni kwamba mtoto aliyelala hana uzito wa kichwa na mabega unaoukandamiza uti wake. Kwa hiyo vazi laweza kuusukuma mgongo kwa nguvu zaidi, hata kuupindua kidogo upande wa pili. Mtu hawezi kutembea vizuri akiwa amevutwa hivyo, lakini kwa saa nane za usingizi anaweza kuvumilia.

Je, lafaa? Utafiti uliofanywa Uswidi na kuchapishwa mwaka 2024 uliwahusu watoto wenye pembe ya digrii 25 hadi 40. Miongoni mwa waliovaa vazi la usiku, asilimia 76 hawakuzidiwa kwa zaidi ya digrii sita, ikilinganishwa na asilimia 53 ya walioshauriwa kufanya mazoezi ya kawaida ya mwili tu.

Takwimu hizo zina pande mbili. Zaidi ya nusu ya watoto ambao hawakuvaa chochote walinusurika, na karibu robo ya waliovaa walizidiwa.

Kwa pembe iliyo chini ya digrii 25, ushahidi ni haba zaidi. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 2014, uliohusu wasichana ambao hawakuwa wamevunja ungo, ulionyesha kuwa vazi la usiku liliwasaidia baadhi yao wasifikie kiwango cha kuhitaji vazi la kutwa. Hivyo daktari anayependekeza kungoja hajakosea, na anayependekeza vazi mapema kwa mtoto ambaye ana miaka mingi ya kukua ana hoja pia.

Vazi haliunyooshi mgongo moja kwa moja. Lengo ni kuuzuia usipinde zaidi. Aidha, halifai sana pembe ikiwa juu, karibu na mabega.

Nyumbani, mzazi aweza kumwambia mtoto ainame mbele, miguu pamoja na mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mgongo ukiinuka kuliko mwingine, apelekwe hospitalini. Maumivu yanayomwamsha usiku, homa au miguu kulegea ni dalili za jambo jingine, pengine kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hapo hakuna kungoja.

Vazi hutengenezwa kwa vipimo vya mtoto mwenyewe na huvaliwa juu ya fulana nyepesi ya pamba, hasa maeneo ya joto kama Mombasa na Kisumu, ngozi isije ikachubuka. Mtoto anayerefuka haraka huenda akahitaji jingine kabla ya kuacha kukua, na ni vyema mzazi aulize bei ya hilo la pili kabla ya kulipia la kwanza.