Kompyuta kuukuu: Burudani ya akili, ila tahadhari kabla ya hatari

JIRANI yangu mmoja, mwalimu aliyestaafu, alinunua mnadani kompyuta ya Macintosh ya miaka ya themanini. Ilikuwa haiwaki. Mzee akachomoa plagi ukutani, akaketi mezani na bisibisi yake na kufungua kifuniko cha nyuma. Muda si muda mkewe alisikia kishindo. Mkono wa mzee ulikuwa umegusa nyuma ya skrini, akarushwa, na kiwiko chake kikagonga kabati hadi ngozi ikachanika.

Jeraha lilipona, lakini swali likabaki: umeme ule ulitoka wapi ilhali plagi ilikuwa imechomolewa?

Hilo ni swali ambalo kila mtu anayependa kukusanya na kutengeneza kompyuta za zamani anapaswa kujua jibu lake. Uraibu huu una wapenzi wengi duniani. Huko Bletchley Park, Uingereza, kuna makumbusho ambapo wataalamu waliunda upya mtambo wa Colossus, uliotumiwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kazi iliyokamilika mwaka wa 2007. Huko California, Marekani, tamasha la wapenzi wa kompyuta hizi lilianza mwaka wa 1997. Wengi wao hutafuta mashine kama Apple II ya 1977, IBM PC ya 1981, Commodore 64 ya 1982 na Macintosh ya 1984. Hapa kwetu, kompyuta kuukuu hulala katika stoo za ofisi na shule hadi siku ya mnada.

FAIDA KWA AFYA

Si kupoteza wakati, kama wengine wanavyodhani. Mwaka wa 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha uchunguzi uliohusu watu zaidi ya 93,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kutoka nchi 16. Wale waliokuwa na jambo wanalolipenda na kulifanya wakati wa mapumziko walieleza kwamba wana afya bora, wanaridhika zaidi na maisha, na dalili za kushuka moyo zilikuwa chache kwao. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi kwamba uraibu pekee ndio ulioleta afya hiyo, kwani mtu mwenye afya njema pia hupata nguvu za kujishughulisha. Hata hivyo, kwa mstaafu anayeshinda nyumbani bila kazi, kutafuta kasoro katika mashine, kusoma michoro yake na kushauriana na wenzake ni zoezi jema la akili na dawa ya upweke.

UMEME ULIOJIFICHA

Sasa tulijibu swali la mzee. Skrini za zamani, zile nene zenye kisogo, zina bomba kubwa la kioo. Ili picha ionekane, bomba hilo huhitaji umeme wa nguvu mno: volti elfu kumi na zaidi katika skrini ndogo za rangi moja, na hata 25,000 katika skrini za rangi. Kioo chenyewe huhifadhi umeme huo kama mtungi unavyohifadhi maji. Ukichomoa plagi, umezuia maji mapya kuingia tu. Yaliyomo mtungini bado yamo, na yanaweza kukaa kwa siku kadhaa.

Mara nyingi mshtuko huo wa ghafla humfanya mtu auvute mkono kwa nguvu, akajikata au akaanguka. Lakini umeme ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyewekewa kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, asithubutu kufungua skrini kabisa.

Kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta nacho si salama. Umeme wetu wa volti 240 ukishabadilishwa ndani yake hufikia takriban volti 340, na huhifadhiwa katika vifaa viitwavyo kapasita. Kapasita kuukuu huweza kupasuka na kutoa moshi. Isitoshe, mashine nyingi zilizotengenezewa soko la Marekani hutumia volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja hapa Kenya bila transfoma, unaweza kuiunguza, na nyumba pia.

Ushauri wetu ni mmoja: skrini na kisanduku cha umeme mwachie fundi aliyefunzwa kuondoa umeme uliobaki. Wewe shughulika na sehemu zilizosalia, nazo ni nyingi.

RISASI NA MOSHI WA KULEHEMU

Lehemu iliyotumiwa katika kompyuta za zamani ni mchanganyiko wa bati na madini ya risasi. Nchi za Ulaya zilianza kuzuia risasi katika vifaa vipya vya elektroniki mwezi Julai 2006, kwa hivyo chukulia kwamba mashine yoyote ya kabla ya hapo inayo.

Wengi hudhani sumu hiyo huingia mwilini kwa moshi. Ukweli ni kwamba joto la kulehemu halitoshi kuigeuza risasi kuwa mvuke wa kutisha. Moshi unaouona ni wa ulimbo uliomo ndani ya waya wa lehemu, na huo huwasha macho na koo na unaweza kusababisha pumu. Risasi yenyewe huingia kwa mikono: unalehemu, kisha unakula mkate bila kunawa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua na kupunguza uwezo wa kujifunza. Mama mjamzito pia ajiepushe, maana sumu hii humfikia mtoto tumboni.

Kwa hivyo, lehemu karibu na dirisha lililo wazi na usiinamie moshi. Usifanye kazi hiyo kwenye meza ya chakula. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumshika mtoto, na ufute meza kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vumbi likaruka.

BETRI ZILIZOVUJA

Kompyuta nyingi za miaka ya themanini na tisini zina betri ndogo ya kuendesha saa yake. Betri hizo huvuja majimaji yanayokula shaba na kuacha ukungu wa kijani au wa buluu. Majimaji hayo huunguza ngozi na macho, na baadhi ya betri zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Vaa glavu na miwani ya kukinga macho unapoiondoa. Dawa ya kurudisha weupe wa plastiki iliyogeuka manjano, haidrojeni peroksaidi, nayo huunguza vilevile.

Nyingine zina betri bapa mfano wa sarafu. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza umio kwa muda wa saa mbili tu. Usimtapishe wala usingoje dalili. Mkimbize hospitali apigwe eksirei.

AJALI IKITOKEA

* Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Ikiwa amezimia na hapumui, ita msaada na uanze kumkandamiza katikati ya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Hata akiinuka mwenyewe, apelekwe kwa daktari iwapo alipoteza fahamu, kifua kinamuuma au moyo unamwenda mbio.

* Ukiungua kwa chuma cha kulehemu, weka mahali hapo chini ya maji yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta ya kupikia.

* Majimaji ya betri yakiingia machoni, yaoshe kwa maji safi kwa dakika zisizopungua 20, kisha nenda hospitali.

Mwisho, mashine isiyotengenezeka usiitupe jalalani wala usichome nyaya zake ili upate shaba. Moshi wa plastiki hiyo una sumu, na majirani huuvuta pamoja nawe. Wapelekee wanaokusanya taka za elektroniki kwa idhini ya NEMA.

Mzee jirani yangu hakukata tamaa. Alimtafuta fundi wa televisheni wa siku nyingi akaondoa umeme kwenye skrini na kubadilisha kapasita, naye mzee akasafisha ubao na kibodi mwenyewe. Siku waliyoiwasha, kikatokea kile kijipicha cha kompyuta inayotabasamu, ishara kwamba Macintosh ni nzima. Siku hizi wajukuu huja kuchezea, lakini bisibisi na lehemu hufungiwa kabatini, na ufunguo anao babu.